Kanana Aingia Uwanjani

Baridi ya kijiji cha Githongo si ya kuchezewa, hasa mwezi wa Julai. Ndiyo maana kila jioni Gatakaa alimketisha binti yake jikoni, karibu na moto wa kuni.

"Sogea hapa, Kanana. Kifua kipate joto."

Kanana alisogea. Moshi ukamwingia kifuani, akakohoa.

Kanana alikuwa na miaka kumi na minne. Alizaliwa na ugonjwa uitwao sistiki faibrosisi. Ugonjwa huu hufanya makohozi yawe mazito kama gundi na kuziba mapafu. Pia huzuia chakula kusagwa vizuri tumboni. Daktari alimpa dawa ya kuvuta na vidonge vya kusaga chakula. Lakini Gatakaa aliongeza sheria zake: usikimbie, usitoke jasho, usikohoe mbele ya watu. Maskini mama wa watu, aliogopa kumzika mtoto! Na mtoto mwenyewe alitaka kitu kimoja tu, kucheza voliboli.

Siku moja Gatakaa alipeleka kahawa kiwandani. Nyuma ya meza za kuanikia kahawa alisikia wasichana wakishangilia. Akachungulia. Nani yule anayeruka kwenye wavu? Kanana wake!

"Ai! Kanana! Unataka kujiua?"

Kanana akashtuka, akainama, akakohoa kwa nguvu. Kohozi zito likatoka. Gatakaa akapiga mayowe. Jirani yao Sheila, anayefundisha wagonjwa mazoezi ya kifua hospitalini, akaacha gunia lake la kahawa akaja mbio.

"Mama Kanana, tulia. Mwache akohoe."

"Si unaona anakufa?"

"Hafi. Anasafisha mapafu. Kohozi likikaa ndani, vijidudu huzaliana humo. Akikimbia, linalegea na kutoka. Ebu msikilize anavyopumua."

Gatakaa akaweka sikio mgongoni mwa binti yake. Ile sauti ya kukoroma aliyoizoea ilikuwa imepungua. Machozi yakamlengalenga.

"Haki mimi! Nimekuwa nikimkalisha tu. Tena kwenye moshi!"

"Huo moshi unamuumiza. Avae sweta, akae mbali na moto. Na hii chumvi kwenye paji la uso unaiona? Jasho lake hubeba chumvi nyingi. Akicheza, anywe maji, na chakula chake kisikose chumvi."

"Na hawa wenzake, hatawaambukiza?"

"Huu hauambukizi. Alirithi kwako na kwa baba yake, hata kama ninyi wenyewe hamuugui. Njooni kliniki, apimwe kifua, niwafundishe mazoezi."

Mwongera, baba yake Kanana, alipoambiwa hayo alikuna kichwa.

"Kumbe ni sisi wote wawili?"

"Wewe si ulikuwa unasema ni ukoo wetu!" Gatakaa akamjibu, na wote wakacheka.

Wakaenda kliniki. Tangu hapo, kila asubuhi Kanana huvuta dawa yake, hufanya mazoezi ya kupumua, hukohoa bila haya, kisha hukimbia kati ya miti ya kahawa. Gatakaa aliacha kuengua mafuta ya maziwa. Humpa binti yake maziwa mazito, avokado na mayai ili anenepe, na kila mlo una vidonge vyake. Ugonjwa haujaisha, na kikohozi bado kipo. Lakini sketi ya shule inambana, na mama mtu anaringa kweli kweli!

Muhula uliofuata, shule yao ilienda kucheza mechi mjini Nkubu. Katikati ya mchezo Kanana alisimama kando, akakohoa, akatema kwenye karatasi na kunywa maji. Watazamaji wakanong'ona. Kanana akarudi uwanjani, na mwishoni akaupiga mpira ukatua chini upande wa wapinzani, pointi ya ushindi! Gatakaa alilia mbele ya watu wote, na wala hakujali.

Mwalimu wa timu akamfuata kwa wasiwasi. "Mama, sasa tumefuzu, tunaenda kucheza mjini Embu. Utamruhusu?"

Gatakaa alimtazama binti yake, aliyekuwa amebebwa juu na wenzake.

"Mwalimu, usiniulize mimi," akasema. "Muulize mwenye mapafu yake."