Mgongo wa Fundi Viatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Profesa alipita kibandani kumpelekea baba yake chai. Kibanda kilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwao. Kilikuwa kidogo hivi kwamba mteja akiingia, fundi ilimbidi akunje miguu. Baba alikuwa fundi viatu. Alikaa juu ya kigoda kifupi tangu asubuhi hadi jioni, ameinama, kiatu magotini, sindano nene mkononi na misumari midogo midomoni. Ukimsalimu wakati huo alikujibu kwa nyusi.

Profesa ni jina ambalo binti huyo alipewa na wenzake wa darasa la sita, na mwenyewe alilipenda kuliko lile la kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Ukutani mwa darasa lao palikuwa na karatasi kubwa. Kila mwanafunzi aliyemaliza kitabu cha maktaba alibandikiwa nyota mbele ya jina lake. Profesa alikuwa na nyota arobaini na moja, na aliyemfuata alikuwa na kumi na nne. Wazazi wa mtaani walipotaka kuwasema watoto wao, walianza na jina la Profesa.

Sasa niseme kweli, maana hadithi hii haiendi bila kweli hiyo. Profesa hakuwa amesoma vitabu arobaini na moja. Alisoma ukurasa wa kwanza ili ajue nani ni nani, kisha akaruka hadi wa mwisho ili ajue nani kashinda. Mwalimu akimuuliza habari za kitabu, alieleza mwanzo na mwisho kwa ulimi mwepesi, hata mwalimu akasahau kuuliza katikati kulikuwa na nini. Ni sawa na mtu kulamba mwiko akasema ameshiba.

Mwezi mmoja, shule zikikaribia kufungwa kwa likizo ndefu, mgongo wa Baba uligoma. Asubuhi moja alitaka kuinuka kwenye kigoda akashindwa, na wateja wawili wakamvuta, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule. Mama, aliyekuwa akiuza mboga sokoni, aliiacha meza yake akampeleka kituo cha afya.

Kituoni alikuwepo mtaalamu wa viungo ambaye watu walimwita Bwana Pumua. Aliwaambia "pumua" wagonjwa wote, na hata mtu aliyeingia kuuliza njia. Aliukandakanda mgongo wa Baba, akatikisa kichwa, akatoa kitabu cha yoga kwenye kabati.

"Fundi, kila asubuhi utafanya mazoezi ya humu," alisema. "Anza ukurasa wa kwanza, uende pole pole, hatua moja kwa wiki. Usiruke hata kama unaona ni rahisi. Baada ya wiki nane, shule zikikaribia kufunguliwa tena, tutaona kama utaweza kurudi kwenye kigoda."

"Na nisipoweza, Daktari?"

"Basi utafute kazi ya kusimama."

Baba alirudi nyumbani akiyawaza maneno hayo. Kazi ya viatu aliianza akiwa kijana asiye na ndevu. Hakujua nyingine, na kusema kweli hakutaka kujua nyingine.

Macho ya Baba hayakupatana na maandishi madogo, kwa hiyo Jumamosi asubuhi alitandika mkeka sebuleni akamwita msomaji wa nyumba. Profesa alifungua ukurasa wa kwanza. Ulieleza jinsi ya kulala chali na kusikiliza pumzi yako. Basi. Profesa akaguna. Baba alilala kila siku na mgongo haukupona, sasa alale tena ili iweje? Akageuza kurasa zote kwa mkupuo hadi ukurasa wa themanini na nne, wa mwisho. Hapo palikuwa na picha ya mtu aliyejiinua kwa viganja na nyayo, tumbo likitazama dari. Profesa akawaza kwamba mwisho wa kitabu ndiko kwenye kupona, na mtu anayeweza kufika leo hana haja ya kungoja wiki nane.

"Lala chali, Baba. Weka viganja karibu na masikio. Sasa jiinue."

"Una hakika ndipo tunapoanzia?"

"Si nimekusomea, Baba?"

Baba alijiinua. Kitu kikalia kah, na fundi akaanguka akilia kwa sauti ambayo Profesa hakuwahi kuisikia. Mama alipoingia na kikapu cha maboga, alimkuta mumewe chali kama mende aliyepinduliwa, na Profesa amekikumbatia kitabu.

Baba hakuweza hata kugeuka. Mama alimwachia jirani, akamshika Profesa mkono wakaenda kwa Bwana Pumua. Mtaalamu alimuuliza Profesa mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyekuwepo Baba alipoumia.

"Wewe ndiye uliyemsomea?"

"Ndiyo, Daktari. Shikamoo."

"Marahaba. Mlianza wapi?"

Profesa alimtazama mama yake. Mama alikuwa anamtazama kwa imani kabisa, kama anavyotazamwa mtoto mwenye nyota arobaini na moja.

"Ukurasa wa kwanza," akasema.

Bwana Pumua alikunja uso. "Kama kulala na kupumua tu kumemfanya hivyo, basi huu mgongo mimi nilikosea kuupima. Aache yoga. Akiweza kutembea mumlete nimtazame tena, lakini msimpe matumaini. Kigoda akiage."

Maneno hayo Mama alimfikishia Baba jioni hiyo. Baba akasema, "Daktari ndiye anayejua," akageukia ukutani.

Wiki hiyo Profesa hakula vizuri. Mwalimu alitangaza kwamba Ijumaa ya kufunga shule msomaji bora atapewa zawadi mbele ya wazazi, na darasa zima likageuka kumtazama yeye. Aliona aibu hadi masikio yakawa ya moto. Alijiambia kwamba mgongo ungeuma tu, hata kwa ukurasa wa kwanza. Mwenyewe hakuyaamini. Mficha maradhi kilio humuumbua, na aliyekuwa anakaribia kulia si yeye, ni baba yake.

Alhamisi alitoka shule akaukuta mlango wa kibanda uko wazi. Baba alikuwa amejikongoja hadi pale. Alisimama ameegemea ukuta, mbele yake kuna kitambaa, na juu ya kitambaa nyundo, visu, sindano na ule mguu wa mti wa kuvalishia viatu. Alifuta kifaa kimoja kimoja taratibu, kama anamfuta mtoto uso.

"Fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara anakuja kesho kuvichukua," alisema. "Vyuma vikikaa bure vinashika kutu."

Profesa alihisi maji yamemfika shingoni.

"Baba, usivifunge."

"Kwa nini?"

"Sikukusomea ukurasa wa kwanza. Nilikusomea wa mwisho. Na kwa Daktari nilidanganya." Aliposema hayo, mengine yalitoka yenyewe. Akaeleza habari za vitabu na nyota, na jinsi ambavyo katikati hakuwahi kufika.

Baba aliweka nyundo chini. "Hili ulilijua tangu Jumamosi?"

"Ndiyo, Baba."

"Ukanitazama nikiaga kazi yangu."

Hakupiga kelele. Profesa alitamani angepiga. Alilia kwa kwikwi, na Baba akamwacha alie kidogo kabla ya kusema tena.

"Nimekasirika, sikufichi. Lakini kukasirika kutangoja. Kituo kinafungwa saa kumi, nipe bega lako."

Walitembea polepole, mkono wa Baba begani mwa binti yake, wakisimama kila baada ya nyumba tatu. Kituoni Profesa alisema yote tena, mwenyewe, bila kusaidiwa neno. Bwana Pumua alimsikiliza na kwa mara ya kwanza hakumwambia mtu apumue.

"Ukurasa wa themanini na nne," alisema mwishowe, akitabasamu. "Mimi mwenyewe ulinichukua miaka mitatu." Kisha tabasamu likamtoka. "Binti, mimi nilimpima baba yako kwa maneno yako. Ukinipa mizani mbovu, nitatoa dawa mbovu. Unaelewa?"

"Naelewa."

Alimlaza Baba, akambonyeza hapa na pale. Msuli ulikuwa umevutika, lakini mfupa ulikuwa salama. "Zimebaki wiki saba. Moja ni ya kupumzika. Sita za kazi. Hakuna siku ya kuruka."

"Haitarukwa," alisema Baba.

Kesho yake asubuhi Profesa alimfuata mwalimu akamwomba abandue nyota zake.

"Zote?" mwalimu aliuliza.

"Niachie mbili. Hizo ni za vitabu vifupi, nilivimaliza."

Zawadi ilikwenda kwa mwenye nyota kumi na nne. Wenzake walimpa Profesa jina jipya, Profesa wa Jalada, na likizo nzima walimwita hivyo mtaani. Alijikaza. Jina lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililouma.

Wiki ya kupumzika ilipokwisha, mazoezi yalianza. Kila alfajiri ilitandikwa mikeka miwili, kwa sababu Baba alisema, "Adhabu yako ni hii, utafanya nami." Ukurasa wa kwanza, kulala chali, pumzi ishirini. Profesa alidhani ni mchezo. Kumbe kutulia ni kazi nzito. Kufikia pumzi ya tano pua ilimwasha, ya saba akakumbuka kwamba hajafua soksi, ya tisa akafungua jicho moja na kumkuta baba yake naye amefungua moja. Siku ya sita ndipo alipofika ishirini bila kuwaza soksi. Akasikia ndege nje, akasikia Mama akikoroga uji, akashangaa kwamba asubuhi zote hizo zilikuwa zikipita bila yeye kuwepo.

Wiki ya pili ya mazoezi walipiga magoti na kuinua mgongo kama paka aliyeamka. Jirani alichungulia dirishani akacheka hadi akakohoa.

"Karibu," Baba alimwambia bila kugeuka, "mkeka una nafasi."

Katikati ya kitabu, mahali ambapo Profesa wa zamani asingefika, palikuwa na sura ya chakula. Ilisema mtu ale kinacholetwa na msimu, kikiwa kimetoka shambani na kimeiva kwa wakati wake. Profesa alimsomea Mama. Mama akaweka mikono kiunoni.

"Hayo nimeyasema miaka kumi. Nyinyi mkaniita Mama Maboga."

Ilikuwa kweli, na Profesa alikuwa kinara wa kununia maboga. Safari hii aliomba apike mwenyewe. Siku ya kwanza aliunguza sufuria. Siku ya pili alipika boga kwa kunde na tangawizi, moto mdogo, bila kufunua kifuniko kila dakika, na Baba akaongeza sahani mara mbili. Maboga yalipokwisha sokoni yakaja mahindi mabichi, na safari hii Profesa aliyangoja kwa hamu.

Jioni Baba alilala mkekani na miguu juu ya kiti, kama kitabu kilivyoagiza, na Profesa akamsomea hadithi. Alirudia vitabu vilivyompa nyota za bure. Katika kimoja alikutana na mbwa mwizi wa sabuni aliyejaa kurasa thelathini za katikati, ambaye hakuwahi kujua kama yupo. Baba alicheka hadi akajishika kiuno. Hata Mama aliacha kuchambua mboga akasogea karibu. Nyumba yao haikuwa imecheka hivyo tangu mgongo ugome.

Si kila siku ilikuwa ya kicheko. Siku za mvua mgongo ulikaza, na Baba alifanya mazoezi akiwa ameuma meno. Wiki ya nne ya mazoezi ikawa kinyume. Alijisikia nafuu, akanyata hadi kibandani, akakaa kwenye kigoda. Profesa akamfumania.

"Baba, bado wiki mbili."

"Dakika tano tu, mwanangu."

"Tulisema hakuna kuruka."

Fundi mzima aliondoka kibandani amenuna kama mtoto aliyenyang'anywa peremende. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, lakini kamba nayo huchoka, na siku hiyo Profesa ndiye aliyeishika.

Wiki zote saba zilipokwisha walirudi kwa Bwana Pumua. Alimwinamisha Baba, akamnyoosha, akamgeuza kushoto na kulia. Kisha akasukuma kigoda katikati ya chumba.

"Kaa."

Baba alikaa. Bwana Pumua akaendelea kuandika karatasi zake kama hana mgeni. Profesa alikuwa akitazama saa ya ukutani. Ilipita nusu saa.

"Simama."

Baba alisimama. Hakushika ukuta wala bega la mtu.

"Nusu saa kukaa, kisha unasimama na kujinyoosha," alisema Bwana Pumua. "Na mazoezi kila asubuhi, maisha yako yote. Nenda kazini, fundi."

Jumatatu ya kufungua shule, foleni ya watoto wenye viatu vilivyoachama ilifika hadi barabarani. Profesa alileta chai. Baba alitoa misumari midomoni ili aweze kusema.

"Kaa kidogo, mwanangu. Nimefikiri sana nikiwa nimelala kwenye ule mkeka. Kusoma kwako vibaya kuliniumiza, lakini hilo lingekwisha kwa wiki mbili, maana msuli unapona. Uongo wako ndio ulioniambia nimefika mwisho, na mimi nikauamini. Ungekaa kimya siku moja zaidi, leo nyundo hii ingekuwa ng'ambo ya barabara na mimi nimelala nimegeukia ukuta, mzima wa mgongo nisijue kwamba ni mzima. Kosa likisemwa linatibika. Usilolisema hakuna daktari wa kulitibu."

Profesa aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

Nusu saa ilikuwa imetimia. Baba aliinuka peke yake, akajinyoosha, akanyoosha mkono kumpokea mtoto wa kwanza kiatu chake.