Kamba Isiyosomwa

Nyumbani kwetu kamba husomwa. Mgeni akisikia hivyo hudhani tunamtania, lakini ndivyo ilivyo. Kila jioni baba na mama wakirudi kazini, kamba ya kupandia hutolewa garini na kupelekwa chumba cha vifaa, nami huketi kwenye kigoda nikaipitisha mikononi kutoka ncha hadi ncha. Ni mita arobaini. Nafumba macho, kwa sababu macho hudanganywa na uchafu. Vidole ndivyo vinavyosoma. Vikikuta mahali palipolika, palipovimba au palipokakamaa, nasema. Kamba ikiwa nzima, nafunga uzi mweupe kwenye ncha yake. Maana ya uzi huo ni kwamba imesomwa na mtu anaweza kupanda.

Wazazi wangu ni mafundi wa miti. Hupogoa matawi yaliyoegemea mapaa ya watu na kuangusha miti iliyooza kabla haijajiangusha yenyewe. Anayepanda ni mama. Baba hubaki chini na kamba, wala si kwa kupenda: hata akisimama juu ya kiti kubadilisha taa, magoti humcheza. Wateja wamewabatiza Mama Juu na Baba Chini, na baba huitika bila kinyongo. "Kila nyumba ina dari na sakafu," husema. "Bila sakafu, hiyo dari mtaitazama mkiwa mmesimama wapi?"

Mimi wananiita Vidole. Kazi ya kusoma nilipewa nilipotimiza miaka kumi, kwa sababu viganja vya wazazi wangu vimeota sugu na havisikii tena vitu vidogo. Sasa nina miaka kumi na miwili. Mwanzoni niliringa sana na kazi hiyo. Baadaye, nisiwafiche, ilinichosha. Jioni baada ya jioni niliisoma kamba ile, na kila jioni ilikuwa nzima.

Alhamisi moja nilitoka shuleni nikamkuta rafiki yangu Chiriku ananisubiri mlangoni kwetu. Chiriku hanyamazi hata akiwa na tonge mdomoni.

"Vidole, twende! Kesho kutwa ni mechi, na kocha amesema atakayechelewa mazoezi atakaa benchi. Benchi, unasikia? Mimi nimeshakaa benchi mpaka benchi lenyewe limenizoea!"

Baba alikuwa ameegesha gari na kutoa betri iliyochakaa. Aliiweka kwenye rafu ya juu katika chumba cha vifaa, akarudi nje kufunga mpya. Kamba ilikuwa kwenye rafu ya chini, imeviringishwa juu ya gunia. Niliitazama. Nilimsikia Chiriku akipiga makofi nje. Nikachukua uzi mweupe, nikaufunga kwenye ncha, nikatoka mbio. Sikuwa nimegusa hata mita moja.

Usiku ule tukiwa mezani mama alisema kwamba kesho wataupogoa mkaratusi wa kwenye kiwanda cha mikate. Upepo ulikuwa umepasua tawi kubwa, likaning'inia juu ya paa lenye wafanyakazi chini yake. Wangetoka alfajiri kufunga njia na kuondoa vitu, na saa nne, wafanyakazi wakishatolewa wote, mama angepanda.

"Kamba umesoma?" aliniuliza, akinisogezea bakuli.

"Nimesoma, mama," nikajibu, na chakula nikakimeza bila kukitafuna.

Asubuhi niliamka nikakuta wameshaondoka. Bibi, mama yake baba, alinituma ufagio katika chumba cha vifaa. Nilipofungua mlango nilisikia harufu kali. Ile betri ilikuwa imelala ubavu kwenye rafu ya juu. Ubao chini yake ulikuwa umelowa, na matone yalikuwa yamefuata ukingo hadi rafu ya chini. Nilishika gunia. Lilikuwa limejaa matundu, likachanika mkononi mwangu kwa kuguswa tu.

Maji ya betri nayajua. Mwaka uliopita yalimlia baba suruali yake ya heshima, akaenda harusini na kiraka gotini. Na hapo juu ya gunia ndipo kamba ilipolala usiku mzima. Kama ningeisoma jioni, labda ningesikia harufu au kuona betri imeinama. Na sasa kamba haikuwepo. Ilikuwa imekwenda kazini na uzi mweupe kwenye ncha.

"Huo ufagio umeota mizizi huko?" Bibi aliita.

"Nakuja, bibi."

Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini nilijiambia labda matone hayakuigusa kamba, labda baba ameona. Niliogopa kuitwa mwongo kuliko nilivyoogopa kuwa mwongo. Nikampa bibi ufagio, nikabeba mkoba wangu, nikaenda shule.

Kipindi cha kwanza kilikuwa mtihani wa hisabati. Madirisha ya darasa letu yana nondo, na siku zote nilikuwa sizioni. Siku ile niliziona moja moja. Swali la kwanza lilihusu ngazi iliyoegemezwa ukutani, nikamwona mama. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na nusu, na nilipoitazama tena ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano. Nilitaka kutoka na sikujua nitasema nini ili niachiwe. Mwisho nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, tumbo linaniuma."

Kwa uongo huo nikajifungia mlango wa pili. Mwalimu alinipeleka kwa mwalimu wa zamu, mama mmoja mnene, mpole, asiyeharakishwa na mtu. Alinilaza katika chumba cha wagonjwa, akanifunika shuka, akanichanganyia maji ya chumvi na sukari, akasimama mlangoni kuhakikisha nimemaliza kikombe.

"Naomba niende nyumbani, mwalimu."

"Mtoto mgonjwa hatembei peke yake barabarani. Nimempigia mama yako, hapokei. Baba yako pia hapokei. Lala."

Hawapokei kwa sababu simu hubaki garini. Wakiwa kazini hakuna anayeruhusiwa kushika simu. Nililijua hilo, nikalala. Saa tatu na robo. Nilitazama dari, na nilikuwa mzima wa afya chini ya shuka ya wagonjwa.

Saa nne kasoro dakika kumi mwalimu alirudi, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Huna homa, lakini unatetemeka. Kuna kitu hujasema. Usinifiche, mwanangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Alikuwa akinizungumzia mimi na tumbo langu. Lakini niliposikia neno kifo, nilimwona mama katikati ya matawi, nikaketi kitako.

"Mwalimu, siumwi tumbo. Nimedanganya. Na jana pia nilidanganya." Nikamweleza yote, kuanzia kamba na uzi hadi betri na gunia. Maneno yalinitoka na machozi pamoja.

Sikujua kama mwalimu yule angeweza kukimbia. Aliuliza jambo moja tu: "Atapanda saa ngapi?" Nilipomjibu, alikuwa ameshachukua funguo za pikipiki yake.

Kiwanda cha mikate hakiko mbali, lakini njia ilikuwa imefungwa kwa kamba za rangi, tukaiacha pikipiki na kwenda kwa miguu. Wafanyakazi walikuwa wamesimama kando na aproni zao nyeupe, shingo zimeinuliwa. Nikainua yangu. Mama alikuwa ameshapanda. Alikuwa juu kuliko paa, juu ya kila kitu, miguu yake kwenye panda ya mti, na alikuwa akianza kuegemea nyuma ili kamba ibebe uzito wake wote alifikie lile tawi.

Kwenye kazi yetu kuna neno moja linalosimamisha kila kitu. Anaweza kulitamka fundi au mpita njia, mkubwa au mtoto, na hakuna anayebishana naye.

"Simama!" nilipiga kelele. "Simama! Simama!"

Mama aliganda. Baba aligeuka, mikono yake ikiwa bado imeikaza kamba. Neno lile lina sharti lake: aliyelitamka lazima aseme sababu. Nilimkimbilia baba nimnong'oneze sikioni.

"Hapana," baba alisema. "Sema kwa sauti. Anayepaswa kusikia yuko juu."

Watu wote walikuwa wakinitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mama alikuwa akisubiri.

"Kamba sikuisoma, mama! Nilikudanganya! Maji ya betri yameimwagikia!"

Polepole mama alijivuta mbele, akaukumbatia mti, akauzungusha mkanda wake mfupi kwenye shina na kujifunga. Ndipo akasema, "Nimesikia."

Sasa mama alikuwa amenaswa. Kamba aliyojivutia alipopanda haikuaminika tena, na mkanda ule ungemzuia asianguke, lakini usingemteremsha. Shina lilikuwa nene na laini chini yake, ngazi ya kiwanda haikufika hata nusu, na lile tawi lililopasuka lilikuwa likilia kila upepo ulipopita. Garini kulikuwa na kamba mpya ndani ya mfuko wake. Baba aliitoa, akaanza kuipitisha mikononi, kisha akasimama. Alitazama viganja vyake vyenye sugu.

"Sisikii kitu," alisema kwa sauti ya chini.

"Vidole!" Mama aliita kutoka juu. "Soma."

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapo? Soma, na usiharakishe."

Niliketi chini kwenye changarawe, nikafumba macho. Sijawahi kusoma hivyo. Nilisikia kila uzi uliosukwa. Nilisikia pia tawi likilia, na kila lilipolia vidole vyangu vilitaka kukimbia, nikavizuia. Mtu mmoja akasema, "Fanya haraka, mtoto!" Mwalimu wa zamu akamnyamazisha. Katikati ya kamba vidole vilikwama.

"Hapa pana kitu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikarudia kwa nguvu ili mama asikie. "Hapa pana kitu!"

Baba aliinama, akapakwangua kwa ukucha, akanusa. "Ni utomvu. Umetoka kwenye mikono yangu. Endelea."

Niliendelea hadi ncha. "Nzima!" nikaita.

Baba alifunga kifuko cha mchanga kwenye uzi mwembamba, ule wa kurushia, akakizungusha na kukirusha. Mara ya kwanza kiligonga shina. Mara ya pili kilitua juu ya paa la kiwanda, baba akakivuta. Mara ya tatu kilipita karibu na bega la mama, akakidaka. Akavuta uzi, na uzi ukavuta kamba mpya. Aliifunga, akaijaribu, akafungua ile ya zamani na kuiacha ianguke. Kisha akateremka. Miguu yake ilipogusa changarawe nilitaka kumkimbilia, lakini nilibaki nilipokuwa. Sikujua kama bado nina haki hiyo.

Mama hakunigombeza. Aliokota kamba ya zamani, akaniwekea mapajani. "Fumba macho."

Nilisoma. Mita sita kutoka kwenye ncha nilikuta mahali pakavu, pagumu, urefu wa kiganja. Mama alipashika na baba akapashika, wakavuta, kila mmoja upande wake. Kamba ilikatika kwa mlio mdogo, na ndani yake ukatoka unga. Watu wawili tu walikuwa wameivuta, kwa mikono. Wafanyakazi wakaguna. Mimi nililia sana, na baba akaanza kuikata kamba yote vipande vifupi, maana kamba iliyoliwa na maji ya betri haiachwi nzima, asije mtu akaiamini tena.

"Na mimi nina langu," baba alisema bila kuinua macho. "Betri inayovuja niliiweka juu ya kamba. Nikasema nitaiondoa baadaye, nikasahau. Hilo ni kosa langu, si lako."

Mama alipokea maji kutoka kwa mwalimu. Aliketi kwanza changaraweni, ndipo akanywa. Nilikuwa nadhani mama haogopi kitu.

"Kuchoka si kosa," aliniambia. "Ungesema 'mama, leo sikusoma,' ningekasirika kidogo, tungesoma pamoja na chakula kingepoa. Basi. Lakini ulisema umesoma, na uongo ukakufungia ndani, ukashindwa hata kumwambia bibi yako. Leo umevunja mlango mwenyewe, mbele ya watu wote hawa, na ilikuuma. Nimeona. Ila ujue jambo moja, mwanangu: mimi sipandi kwa kamba. Kamba ni kamba tu. Napanda kwa neno lako."

Mama akavaa kofia yake ngumu, kwa sababu tawi lilikuwa bado linaning'inia na mikate ya watu ilikuwa ikisubiri. Alishika kamba mpya kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye shina. Lakini hakupanda. Aligeuka akanitazama, akangoja.

Nilijifuta machozi. Niliipitia kichwani mita kwa mita, na pale penye utomvu pia.

"Nimeisoma yote," nikasema. "Panda, mama."