Kusumlata na Adui Yake Usingizi

Ndugu zangu, sisi wa mji wa Meerut, India, tunaishi kwa kutengeneza magongo ya kriketi, na nyumba moja iliyoishi kwa amani kwa kazi hiyo ni ile ya Omveer na mkewe Kusumlata. Asubuhi mume aliketi uani akichonga, mke akipaka magongo mafuta ya kitani, redio ikiimba, chai ikichemka. Mtoto wao Lokesh akienda shule, walibaki wakitaniana kama wachumba.

Lakini Kusumlata alikuwa na ugonjwa mmoja, nao uko katika nyumba nyingi kuliko tunavyokiri. Aliuchukia usingizi. Kwake yeye, mtu aliyelala ni mtu anayeibiwa. Tangu shemeji yake, kaka wa Omveer, afungue duka la magongo la ghorofa, mume alikuwa hasinzii bila kusemwa.

"Kaka yako angelala hivyo, angekuwa na ghorofa?"

"Mama Lokesh, hata ng'ombe hulala."

"Ndiyo maana hana duka!"

Ukaja wito kutoka Nagpur, mji wa mbali kusini. Mashindano yalikuwa karibu kuanza, na mwandaaji alitaka magongo upesi. Wakichelewa, angenunua kwa kaka mtu. Wakafanya kazi usiku mbili mfululizo. Jioni ya safari, Omveer aliegemea ukuta akafumba macho.

"Nijinyooshe kidogo tu."

"Utajinyoosha Nagpur, Baba Lokesh. Inuka."

Hapo ndipo kosa lilipotendeka. Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba tambara lenye mafuta ya kitani halirundikwi. Hutandazwa peke yake likakauka, kwa maana matambara yakibanwa pamoja hujipasha moto yenyewe hadi yakawaka, bila kiberiti. Kusumlata mwenyewe aliwahi kumfukuza kibarua kwa uzembe huo. Lakini jioni ile kichwa kilikuwa kizito na macho yakimwasha. Aliyakusanya matambara yote, akayashindilia guniani ili apangusie magongo njiani, akalitupa gunia nyuma ya pikapu. Omveer akafunga turubai juu yake. Hakuna aliyestuka.

Walimwacha Lokesh kwa jirani, Kusumlata akapanda mbele kando ya mumewe aliyeshika usukani, na kazi yake ilikuwa moja: mume asilale. Alimfinya, akamwimbia, akamlisha pilipili mbichi. Omveer alicheka mwanzoni. Kulipopambazuka alikuwa hacheki tena, anaitikia tu.

Mchana, baada ya kuupita mji wa Sagar, walisimama kwenye hoteli ya barabarani ya Balkar Singh, Kalasinga mmoja mnene mwenye maneno mengi. Alimtazama Omveer akimwaga chai kwenye ndevu.

"Shemeji," akamwambia Kusumlata, "huyu bwana sasa anakunywa chai kwa kidevu. Vitanda vya kamba vile pale, bure. Mwache alale."

"Akilala huyu, mtamzika hapahapa. Haamki!"

Madereva wakaangua kicheko. Omveer hakucheka. Alimwangalia mkewe, akasema taratibu, "Mama Lokesh, nakuomba."

Ndugu msomaji, mtu mzima akikuomba usingizi kwa sauti ile, mpe! Kusumlata alichukua kopo la maji akammwagia kichwani.

Wakaondoka. Walipokwenda kitambo, harufu ikaingia.

"Kuna kitu kinaungua," Kusumlata akasema.

"Jiko la yule mnene."

Jiko lilikuwa limeachwa mbali nyuma, lakini akili zao hazikuwa na nguvu ya kulifikiria hilo. Kusumlata akapiga miayo, akasahau kumfinya mumewe. Mara kichwa cha Omveer kikaangukia usukani. Gari likaacha barabara polepole, likateremka kwenye shamba la dengu, udongo ukalikamata likasimama. Nyuma, turubai lilikuwa limetoboka na moto ukitoka.

"Magongo!" Omveer alizinduka, akaruka, akaanza kupanda nyuma. Mkono wa shati ukashika moto.

Kusumlata alimkumbatia miguu akamvuta chini, akauzima moto mkononi kwa shali yake.

"Yaache! Yaache yaungue, nisikilize mume wangu, yaache!"

Akamburuta hadi mbali. Omveer aliketi kwenye tuta, akautazama moto, na palepale, mkono ukiwa umebabuka, akalala.

Wakulima walikuja wakikimbia. "Dada, amekufa?"

Kusumlata akainama, akaweka sikio puani kwa mumewe, akaisikia pumzi. Machozi yakamtoka.

"Amelala," akasema. "Tafadhali semeni polepole."

Akakaa pale akimkinga jua kwa mwili wake, gari na magongo yakiteketea, mpaka wakulima walipoleta mkokoteni wa kumpeleka hospitali. Mkono ulipona, ila vidole havikunjiki tena kushika randa. Mashindano yalichezwa kwa magongo ya kaka mtu.

FUNZO

Usingizi si uvivu. Mwili ukinyimwa haki yake, hata ujuzi wa miaka mingi hupotea, na mtu akatenda kosa ambalo jana alimfukuzia mwenzake. Nanyi mnaowasukuma waume, wake na vibarua wenu kwa masimango ya kuwalinganisha na ndugu au jirani aliyefanikiwa, oneni haya: mwandaaji wa Nagpur alipata magongo kwingine siku ileile. Kusumlata angepata wapi Omveer mwingine?