Pumzi Ndani ya Kabati la Bibie

"Nani amehema humu ndani?"

Kasuku alipouliza hivyo, bawabu aliangalia dari. Fundi umeme akazama kwenye nyaya zake kama vile ndiyo kwanza anaziona. Kabati la kioo lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Kasuku mwenyewe. Lakini kioo kilikuwa na ukungu, duara dogo, mbele ya kipaza sauti cha zamani, usawa wa mdomo wa mtu mzima. Alipolifuta kwa kitambaa halikufutika. Lilikuwa upande wa ndani.

Kasuku alikuwa mtembeza wageni katika makumbusho ya Bibie, nyota wa filamu aliyezaliwa katika mji ule mdogo. Bawabu ndiye aliyempa jina hilo, maana kila siku, mara nne, alisema yale yale: gauni hili alilivaa, kioo hiki alijitazamia, kipaza sauti hiki aliimbia, na sauti mtakayoisikia ni yake mwenyewe. Kisha anawasha filamu, na wageni wanafuta machozi.

Uongo mtupu! Na Kasuku alijua ni uongo tangu Jumatatu, alipobadilisha mahameli chini ya kipaza sauti akakuta kadi imefichwa. "Bibie alifungua mdomo tu," iliandikwa kwa wino uliofifia. "Aliyeimba ni mimi, nyuma ya pazia, filamu zote. Naomba niandikwe." Chini yake, jina la mwanamke.

Akaipeleka kwa mkurugenzi, mpwa wa Bibie.

"Ichome."

"Lakini bosi, huyu mama ana haki yake."

"Haki! Watu wanakuja kumwona shangazi yangu, hawaji kutazama pazia. Wewe si una mama kipofu nyumbani? Kazi unaitaka, huitaki?"

Kasuku aliitaka. Mama yake hakuwahi kuuona uso wake. Alimjua kwa sauti tu, na jioni hatoi komeo mlangoni mpaka aisikie. Nani mwingine angemlisha? Akaichoma kadi kwenye kisosi, kwa kiberiti chake mwenyewe. Hata lile jina hakulikariri.

Siku ya tatu ndipo ukungu ulipotokea. Ya nne ikaja harufu ya karafuu, kama zile wanazotafuna waimbaji kulainisha koo, na sauti ya Kasuku ikaanza kukwaruza.

"Leo umemeza mchanga?" bawabu alimtania. "Kasuku mkimya si atauzwa sokoni?"

Alicheka peke yake.

Siku ya tano, wageni wakiwa wamejaa ukumbini, Kasuku alifika penye kabati, akafungua mdomo kusema "sauti hii ni yake mwenyewe", na maneno yakatoka mazito, matamu, yenye mtetemo mwishoni: sauti ya kwenye filamu. Wageni wakapiga makofi. Mpwa akatoka ofisini mbio.

"Hiyo hiyo! Umeipata wapi? Usiiachie!"

Kasuku akakimbilia stoo, akajibanza kati ya masanduku ya magauni, na mchana ule mweupe, jua likiingia dirishani, akasikia nyuma ya pazia kuukuu mtu akikohoa kidogo kusafisha koo, kisha akisema kwa sauti ambayo Kasuku aliijua kuliko anavyoujua mkono wake, kwa kuwa ilikuwa sauti yake mwenyewe:

"Nilimwazima mtu sauti mpaka nikafa. Niliomba kitu kimoja tu."

"Nitakuandika," Kasuku alinong'ona. "Wallahi nitakuandika, hata akinifukuza."

"Andika."

Akanyakua kalamu, akakunjua karatasi gotini, na mkono ukabaki hewani, kwa sababu alikumbuka wino, alikumbuka moto, alikumbuka hata jinsi kona ya mwisho ilivyojikunja kwenye kisosi, lakini jina lenyewe lilikuwa limefutika kichwani.

"Nitajie, mama yangu. Nakuomba."

"Jina langu lilikuwa kwenye kadi ile tu. Wewe ndiye wa mwisho kulisoma." Pazia likatikisika. "Basi. Mimi nimechoka kukaa nyuma ya pazia. Zamu yako."

Harufu ya karafuu ikampita usoni, ikatoka mlangoni, ikaelekea barabarani.

Kasuku akaifuata akikimbia, viatu mkononi, akapita duka la vitabu, akapita kwa kinyozi, akafika kwao na kukuta mlango umefungwa komeo kwa ndani. Mama yake alikuwa anacheka. Hajacheka hivyo miaka mingi.

Akagonga.

"Mwanangu," mama alisema ndani, "kuna mtu mlangoni."

"Simjui, mama," sauti ya Kasuku ikajibu, taratibu, karibu kabisa na mlango. "Usifungue."

Kwenye tundu la ufunguo palikuwa na ukungu. Kasuku akapiga magoti, akaweka mdomo hapo, na kwa sauti ile tamu iliyowaliza wageni wote akasema:

"Mama, ni mimi. Nifungulie."