Kapu la Mashuka la Bibi Odile

"Mama wa bibi yako alifungwa, au hakufungwa?"

Baba aliuliza polepole, na hiyo ndiyo sauti yake ya hatari. Tulikuwa sebuleni kwetu, mtaa wa Hjulsta, Jumamosi mchana, Gaël wangu amekuja kujitambulisha.

"Alifungwa, muzee."

"Kwa kosa gani?"

"Maneno ya watoto. Watoto ambao hawakuwa wake."

"Aliwachukua?"

"Aliwachukua."

Baba mdogo Japhet akajipiga paja. "Si nilisema!"

Wasomaji wangu, sisi watu wa Bukoba binti hatumwozi gizani. Ukoo wa mwanaume unachunguzwa kwanza: kuna mwizi? Kuna mchawi? Kuna aliyefungwa? Kuishi Stockholm si kisingizio. Baba yake Gaël ni Mrundi, mama yake Mbelgiji, basi baba mdogo akapiga simu mpaka Ubelgiji na kurudi na habari hiyo moja.

Nikamkazia macho Gaël: jitetee! Akainamisha kichwa, kimya. Nilitamani kumfinya.

"Binti yangu Brigitha haendi kwenye ukoo wa wezi wa watoto," baba akasema. "Karibu chakula, kijana, kisha kwaheri."

Gaël aliondoka bila kula. Baada ya dakika kumi simu yangu ikalia.

"Nisamehe. Sitamubishia baba yako."

Nikajibu: "Na mimi je, nani atanipigania? Nakuja."

Nikapanda treni ya bluu, nikabadili ya kijani mpaka Farsta, hasira zimenijaa. Mlango ulifunguliwa na Mzee Simon, mwenye nyumba aliyempangisha Gaël chumba. Ana miaka themanini na saba. Tuliongea Kiswidi, nawatafsiria.

"Mbona unalia, binti?"

"Baba amemkataa Gaël. Eti bibi yao aliiba watoto."

Mzee aliniangalia sana. "Hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Mmoja wa watoto hao ni mimi. Ndiyo maana Gaël anakaa kwangu."

Nikakaa palepale mlangoni, juu ya viatu vya watu.

"Ilikuwa vita, kule Ubelgiji, mwaka 1942," akasema. "Wajerumani walikuwa wakitukamata Wayahudi mtaa kwa mtaa. Wazazi wangu walishachukuliwa. Nilikuwa na miaka minne. Odile, huyo bibi yao, alikuwa dobi. Akanilaza ndani ya kapu, akanifunika mashuka machafu, akasukuma mkokoteni mbele ya askari mpaka kwa masista. Tulikuwa watoto tisa, kila mmoja siku yake. Walipomkamata walimfunga miezi saba, wakampiga ili aseme tulipo. Nyumbani alikuwa ameacha binti yake wa miaka sita. Hakumtaja hata mmoja wetu."

Gaël alikuwa ametoka jikoni, amesimama nyuma yake.

"Gaël! Kwa nini hukusema?"

"Bibi Odile alitukataza. Alisema tusitembee tukimusifu, wale watoto wasije wakaona lazima watushukuru maisha yote."

"Kwa hiyo ungeniacha?"

"Hapana! Ningerudi kwa muzee kila Jumamosi mpaka achoke."

"Baba hachoki, Gaël!"

Mzee Simon akauliza tunagombania nini. Nikamtafsiria. Akachukua koti lake kwenye msumari, akaanza kulipangusa vumbi.

"Alikukataza wewe," akamwambia Gaël. "Mimi hakunikataza. Brigitha, kwenu nani humsemea anayeoa?"

"Mshenga."

"Basi nimepata kazi. Kesho twende."

Jumapili mchana, baba alipofungua mlango, Mzee Simon aliegemea fimbo yake na kusema neno alilofundishwa na Gaël njiani.

"Shikamoo."

Baba alishtuka kweli. Mzee wa miaka themanini na saba anamwamkia yeye wa sitini na nne!

"Hapana, mzee! Wewe ndiye wa kuamkiwa! Brigitha, mwambie!"

Nikamwambia. Mzee akatabasamu. "Mwambie najua. Lakini nimekuja kuomba, na anayeomba ndiye mdogo."

Akakaa, akasimulia yote. Nilitafsiri mpaka sauti ikanikauka. Mama alikuja kusimama karibu na mlango wa jikoni akifuta macho kwa khanga.

"Nina watoto watatu," Mzee akamalizia, "wajukuu wanane, vitukuu kumi na wawili. Wote hao wametoka kwenye kapu moja la nguo chafu. Odile hakuniomba kitu hata siku moja. Leo namwombea kitukuu wake mke."

Baba alivua miwani.

"Japhet, habari yako ilikuwa ya kweli. Ila uliishia mlangoni pa jela, hukuuliza yule mama aliingiaje humo."

Baba mdogo aliangalia zulia.

"Na wewe, Gaël. Nimekutukania wazee wako ndani ya nyumba yangu, ukanyamaza. Kwa nini?"

"Walinifunza hivyo, muzee. Bibi Odile naye alinyamaza miezi saba."

Kifua changu kilijaa fahari, jamani. Huyo ndiye wangu!

Baba akanigeukia mimi.

"Nilitaka kujua kama ukoo huu unamfaa binti yangu. Sasa nakuuliza wewe. Watoto wa watu umewaficha, askari wamekushika, na mwanao mwenyewe yuko nyumbani peke yake. Utanyamaza kama yule mama?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ulimi ukakataa kudanganya.

"Sijui, baba. Naogopa hata kufikiria. Lakini nataka wanangu wazaliwe kwenye ukoo wake, wafundishwe moyo kama wake."

Baba alirudisha miwani machoni. Kisha akainuka, akamshika Mzee Simon mkono kwa mikono yake miwili.

"Mshenga," akasema, "umepewa."