Siendi, Mjomba!

Kila jioni Spika aliosha vyombo, akafua soksi zake za shule, kisha akatumwa kumnunulia mjomba kichupa cha pombe kali. Jina la Spika alipewa na wenzake kwa sababu ya sauti yake. Hata akinong'ona, darasa la jirani walimsikia. Dukani hakuulizwa mengi. Akisema ametumwa, mwenye duka alimfungia kichupa kwenye gazeti. Watoto wengi wa mtaa ule walitumwa hivyo hivyo, na hakuna mkubwa aliyeona ajabu.

Jumatatu moja Mrefu, rafiki yake wa dawati moja, alianguka uwanjani. Alitapika, akapoteza fahamu. Nesi wa zahanati alipomwinamia tu, harufu ilimwambia kila kitu. Mrefu alikuwa amenunua kichupa kwa kudanganya kwamba ametumwa, akakimaliza peke yake nyuma ya vyoo. Miaka kumi na miwili tu! Spika alilia kwa hasira.

Jioni mjomba, fundi wa kuchomelea mageti, alirudi na kumwita amtume dukani kama kawaida.

"Siendi, mjomba," Spika alijibu. "Maji ya kuoga nitakupelekea, viatu nitakupigia rangi. Pombe, siendi ng'o!"

"Unanijibu mimi? Ndani ya nyumba yangu?"

Mama aliacha kupiga pasi. Walikuwa wakiishi kwa kaka yake huyo, na kwa kawaida alimeza maneno yake. Siku hiyo hayakumezeka. "Kaka, na mimi usinitume," alisema.

Mjomba alilala amenuna.

Kesho yake mwalimu mkuu, nesi na mwenyekiti wa mtaa waliwaita shuleni wazazi, wanafunzi na wenye maduka. Mrefu alikuwa bado amelazwa hospitali.

"Jamani, mnanionea," mwenye duka alijitetea. "Nitajuaje nani ametumwa na nani ananidanganya?"

"Huwezi kujua!" Spika alidakia. "Basi usimuuzie mtoto yeyote!"

Mjomba akasimama. "Siku hizi watoto ndio wanatupangia? Nikitoka kazini hoi, nani ataninunulia?"

"Miguu yako, mjomba!"

Watu waliangua kicheko. Mwenye duka peke yake hakucheka. "Fundi," alisema, "Mrefu alitaja jina lako. Alisema Spika anaumwa, kwa hiyo umemtuma yeye. Ningekataaje, wakati kila siku unanitumia mtoto?"

Mjomba akakaa chini.

Baada ya hapo mabishano yaliisha. Wenye maduka walikubali kutomuuzia mtoto pombe, awe ametumwa au hakutumwa. Wazazi waliahidi kutowatuma. Nesi angefundisha madhara ya pombe shuleni, na mwenyekiti angepita madukani kuhakikisha.

Njiani kurudi, walipokaribia nyumbani, mjomba alisimama.

"Umeniaibisha mbele za watu," alisema.

"Ndiyo, mjomba. Na ukinituma tena, nitarudia."

"Nilidhani adabu ni mtoto kwenda popote anapotumwa," alisema mjomba. "Kwa adabu hiyo duka lilizoea kuuzia watoto, na Mrefu nusura afe. Mkubwa akikutuma jambo la kukudhuru wewe au mwenzako, mwambie hapana, hata akiwa ni mimi. Sasa geuza njia, twende tukamwone mwenzako hospitali. Nina deni la kumwomba radhi."