Mgonjwa wa Jiwe la Kwanza

Mdogo wangu hajui kusimulia. Ukimwuliza safari ilikuwaje atakwambia "nzuri", halafu ataomba maji ya kunywa. Kwa hiyo haya ninayowaeleza niliyatoa kwake vipande vipande, jikoni, kwa muda wa miezi miwili, na yote aliyasema kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Sijaongeza chumvi. Ningeongeza, pengine yangekuwa na ladha.

Alikuwa mpagazi kwa miaka kumi na mmoja. Aliwabebea watu mahema, majiko, viti vya kukunja, na safari moja alibeba gitaa ambalo mwenyewe hakulipiga hata siku moja. Mwaka juzi akapata nafasi kwenye chuo cha waongoza wapanda mlima. Walikuwa sita darasani. Asubuhi walifundishwa kwenye chumba cha bati chenye harufu ya soksi mbichi, ukutani kuna ubao wa mafundo ya kamba, kila fundo na kijikaratasi chake. Mchana walipanda. Hivyo hivyo wiki sita.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Alhamisi. Alikunywa chai akiwa amesimama, akaniambia, "Dada, leo nikianguka narudi kwenye kubeba magunia." Nikamwambia aache kisirani, avae soksi mbili. Jua lilikuwa linawaka. Mlima ulionekana wote, mpaka nyufa zake.

Mtihani wenyewe ni uokoaji. Mwanafunzi mmoja anajifanya mgonjwa, anafichwa mlimani tangu asubuhi. Watano waliobaki wanamtafuta, wanampima, wanamfunga kwenye machela na kumshusha mpaka kibanda cha chuo kabla ya saa kumi. Mgonjwa siku zote alikuwa yule waliyemwita Kijiko, kwa sababu ya wembamba wake, na yeye mwenyewe hakulalamika. Alisema ndiyo njia pekee ya kushuka mlima umelala. Alipewa redio ya mawasiliano, lakini haruhusiwi kuigusa ila akiona hatari ya kweli. Mkufunzi, mama mmoja mfupi wa makamo ambaye hakupaza sauti hata upepo ulipovuma, alimpandisha mwenyewe, akarudi kibandani, akawaambia watano wale maneno machache tu.

"Yuko chini ya jiwe, juu ya njia ya mashariki. Kiongozi wa leo ni wewe."

Alimaanisha mdogo wangu.

Ukungu uliwakuta saa sita mchana. Haukuja kwa kishindo. Waliinamisha vichwa kufunga kamba za viatu, walipoinua, mlima haupo. Wakapanda kwa kushikana mikoba. Baada ya kama saa moja wakaliona jiwe kubwa lililoinama kama kibanda, na chini yake mtu amelala kifudifudi, amevaa koti la mvua, kofia imefunika kichwa, shali imezungushwa usoni mpaka kwenye macho.

"Kijiko leo amejipamba," alisema mmoja wao, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuuacha ualimu, na ndiyo maana walimwita Mwalimu.

Wakacheka. Mdogo wangu akapiga magoti kufuata utaratibu. Kuna maswali manne, na lazima uyaulize hata kama unajua majibu.

"Unanisikia?"

"Nakusikia." Sauti ilikuwa ndogo, kama inatoka chini ya blanketi.

"Unaumwa wapi?"

"Baridi."

"Miguu unaihisi?"

"Sina habari nayo."

"Leo siku gani?"

"Jumapili."

Mwalimu akamkonyeza mdogo wangu. Kuchanganya siku ni dalili ya mwili uliopoa sana, na waliona Kijiko anaigiza vizuri. Mdogo wangu akaandika Jumapili kwenye fomu. Wakamwingiza kwenye mfuko wa kulalia, wakamfunga kwenye machela kwa mikanda mitano, wakaweka mishipi ya kubebea mabegani, wakainua kwa hesabu ya tatu.

Mwanzoni alikuwa mwepesi. Hilo mdogo wangu alilisema mara mbili, ingawa sikumuuliza.

Kila robo saa machela inatuliwa na mgonjwa anapimwa upya. Mara ya pili majibu yalikuwa yaleyale. Mara ya tatu yalikuwa yaleyale pia, ila mishipi ilikuwa imeanza kuzama mabegani mwa wabebaji. Walikuwa watu wazoefu wa mizigo, wanaojua kilo ishirini zinavyokaa mgongoni, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba mzigo unaongezeka. Mwalimu alikuwa ameacha mizaha. Zilisikika pumzi tu na viatu.

Mara ya nne mdogo wangu alivua glavu, akatia mkono ndani ya mfuko kutafuta mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono. Hakuyapata. Akabadilisha vidole. Hakuyapata. Akaandika kwenye fomu, nami fomu hiyo nimeiona: "Mapigo hayasikiki. Vidole vyangu vina ganzi."

"Unanisikia?" akauliza.

"Nakusikia."

Akavaa glavu. Wakainua. Nilimuuliza kwa nini hakufungua ile shali hapo hapo. Akaangalia sinki. Akasema Mkufunzi alikuwa amewafundisha kutofunua uso wa mgonjwa kwenye upepo.

Saa nane na nusu redio ya begani mwake ikakwaruza.

"Jamani." Ilikuwa sauti ya Kijiko. Meno yanagongana. "Jamani, mko wapi? Najua sheria, lakini siwezi tena. Nipo kwenye jiwe la juu. Hamjafika tu?"

Hakuna aliyesimama. Hilo ndilo linalomkera mdogo wangu mpaka leo. Walisikia wote watano, na miguu yao ikaendelea kutembea hatua sita, saba, nane, na machela mabegani. Kisha wakasimama pamoja bila kuambiana.

Redio ikasema tena, "Siisikii hata kidogo. Miguu yangu."

Mwalimu alikuwa mbele kulia. Hakugeuka nyuma. Alinong'ona, "Kiongozi. Sema tufanye nini."

"Itueni chini."

Wakatua. Mfuko ulikuwa umejaa. Shali ilikuwa inapanda na kushuka, taratibu, mtu anavuta hewa. Mdogo wangu alihesabu watu wake. Watano. Kijiko wa sita, yuko juu kwenye redio. Kurudi ni zaidi ya saa nzima kupanda, na ukungu unageuka mvua. Wawili hawawezi kumbeba mtu aliyeganda kwenye utelezi ule. Wanahitajika wote. Na ukiwachukua wote, machela inabaki peke yake.

Alisema aliona kama anafanya hesabu ya mtu mwingine. Hakuogopa. Hakuhisi kitu chochote, popote.

"Tunapanda," akasema. "Wote. Hii tunaiacha."

Wakavua mishipi mabegani. Wakageuka. Walikuwa wamepiga hatua chache waliposikia nyuma yao ile sauti ndogo, haina hasira, haina kilio.

"Tena?"

Mmoja alianza kukimbia kupanda. Wengine wakamfuata.

Walimkuta Kijiko kwenye jiwe la pili, hatua kama mia mbili juu ya lile la kwanza. Midomo ilikuwa ya kijivu. Alikuwa ameacha kutetemeka, na hiyo ni mbaya kuliko kutetemeka. Walimvisha nguo zao kavu, wakambeba mgongoni kwa zamu. Ni mtu wa kilo hamsini na kidogo. Mdogo wangu anasema alilia aliposikia jinsi alivyo mwepesi, na hapo tu ndipo machozi yalipotoka.

Hakuna njia nyingine ya kushukia. Ilibidi wapite palepale.

Machela ilikuwa palepale. Mikanda mitano ilikuwa imefungwa vilevile, vifungo vimebanwa, zipu ya mfuko imepandishwa mpaka juu. Mfuko ulikuwa bapa. Hakuna aliyeinama kuangalia ndani. Mdogo wangu alisema, "Endeleeni," nao wakaendelea.

Kibandani Mkufunzi alishamwita daktari na gari. Kijiko alipoteza vidole vitatu vya mguu wa kushoto. Sasa anauza viatu vya mlimani, na anawatania wateja kwamba yeye hupewa punguzo. Usiku huohuo, wengine walipokuwa wamelala, Mkufunzi alikaa na mdogo wangu mbele ya jiko, akaisoma fomu mstari kwa mstari. Kidole chake kikasimama.

"Alisema Jumapili?"

"Alisema Jumapili."

Mkufunzi akaikunja fomu mara nne, akamrudishia. Akachochea jiko mpaka kuni zikaisha.

"Jumapili moja nilikuwa na wageni wanne," akasema, "na mpagazi mmoja aliyevunjika nyonga. Nilimwambia anisubiri kwenye jiwe. Nilimwambia narudi." Akainuka kwenda kulala. Mlangoni akasema, "Umefaulu. Ulichagua nilivyochagua mimi."

Cheti chake kipo kabatini. Hajakitundika.

Wiki iliyofuata Mkufunzi aliacha kazi. Wengine wanasema alipanda kwanza, peke yake, na machela mgongoni. Sina uhakika. Mdogo wangu anaongoza watu sasa, ila kwa njia ya magharibi tu, na kila jioni anarudi nyumbani ameinamia upande wa kulia. Daktari hakuona kitu. Nilimpaka dawa ya kuchua begani. Ngozi ilikuwa ya baridi kama bakuli la bati, akaniuliza kama nimeshaanza.

Mimi ndiye ninayemfulia. Mashati yake yote yamelika bega la kulia, mstari mmoja upana wa vidole vinne, kama pale unapokaa mshipi wa kubebea. Nikadhani ni begi. Mwezi uliopita mke wa Mwalimu alinipigia simu. Tuliongea habari za watoto, tukaongea habari za mvua, kisha akauliza polepole, "Wifi, hivi na wewe unashona sana mabega?" Nikarudi kwenye habari za mvua. Naye hakurudia.

Jumamosi nilimnunulia shati jipya, la kitambaa kizito. Alilivaa nyumbani, akiwa likizo. Alikaa nalo kwenye kochi, akala nalo, akalala nalo. Hakutoka hata mpaka getini.

Jumatatu nililichukua kulifua. Lebo ya dukani ilikuwa bado shingoni. Bega la kulia lilikuwa limetoboka.